Pipa la kromu nililolisugua na jivu

Ni ule mwaka unga ilipanda bei mpaka Ngara nzima, hapa Nairobi, ikarudi kwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Hata wale waliokuwa wakisema ni chakula ya ushago, ya kijijini, walipanga laini. Mimi nilicheka tu. Nimekula muthokoi tangu niote meno.

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni nyanya, natype na kidole kimoja. Shule nilionja tu nikatoka, lakini macho ninayo na haya niliyaona nayo. Mjukuu wangu Mwende anasoma hizi nyuzi zenu, nikiongeza chumvi atanisuta hapa hapa.

Huyo Mwende ndiye maringo yangu. Anasomea kazi ya maabara huko Upper Hill. Babake, Musyoka, ni mtoto wangu, na ana karakana hapa Ngara ya kupaka kromu kwa bampa na rimu. Gari inatoka Parklands na bampa kama sahani ya mbwa, inarudi unaweza kujichana nywele ukijiangalia.

Sasa, wakwe wa Mwende walikuwa waje kwangu kujitambulisha, na mifereji ilikuwa imekauka. Mnajua Ngara, bila pipa huna maji.

Musyoka akaniletea pipa la bluu kutoka karakana. "Mama, pikia wageni na hii. Nimeisuuza."

Kwa sakafu ya pipa kulikuwa na doa la rangi ya chungwa. Sikushtuka. Kwetu Machakos kibuyu kikichafuka unatia jivu, unasugua, unaanika. Kwa hivyo nikatia jivu na maji kidogo, nikasugua na ufagio.

Doa likageuka manjano. Manjano kali, kama kiini cha yai ya kienyeji! Nikajisifu kwamba uchafu umekubali kutoka. Maji ya bowser, lile lori la maji, yalipokuja nikajaza pipa, nayo yakawa manjano.

Mwende akaingia jikoni, akachungulia.

"Susu," ndivyo anavyoniita nyanyake, "umekunywa hii?"

"Bado."

"Umenawa mikono?"

"Ya nini? Nimeshika jivu, sijashika choo."

Akaninawisha yeye mwenyewe, kama mtoto, na maji ya mtungi mwingine. Halafu akaniambia kwamba jivu halikutoa kitu. Lilibadilisha rangi tu. Sumu ilikuwa pale pale, imevaa nguo nyingine.

Hapo ndipo nilianza maswali, na mimi nikianza siachi. Hii kromu ni nini? Akasema ni metali ngumu sana, haipati kutu. Ndiyo hiyo imo ndani ya sufuria na vijiko vya stainless, inavika chuma ngozi nyembamba isiyooza. Hata watu wa kutengeneza ngozi za viatu wanaitumia, ngozi inatoka na ubuluu.

"Basi mbona kijiko hakiniui?"

"Kromu ya kijiko imetulia, Susu. Ile ya tangi ya Baba ya kuchovya bampa inaitwa kromu ya sita. Hiyo inaingia mwilini na kuchoma. Ukiivuta miaka mingi inaweza kuleta kansa ya mapafu."

Wakuu, pipa nikalisahau. Niliwaza mikono ya Musyoka. Ana vidonda vidogo vya mviringo, vina shimo katikati kama vimetobolewa na msumari, na haviponi. Na pua yake hutoa damu. Siku zote alikuwa akisema ni vumbi ya Nairobi.

Jioni akaja. Sikumpa hata chai.

"Hiyo pipa haiingii jikoni kwangu."

"Mama, wakwe watakunywa nini? Unataka niaibike?"

"Watakunywa soda. Lete hiyo pua nione."

Akacheka, akasema mimi na Mwende tumemfanya mgonjwa. Nikamuuliza, na yale maji ya kusuuza bampa yanaenda wapi? Akaangalia dirishani. Mtaro, nikasema. Mtaro mpaka mtoni, mtoni mpaka kwa sukuma wiki ya watu.

Wakwe walikuja, wakanywa soda, wakasifu muthokoi wangu. Kesho yake nilimpeleka Musyoka, mtu mzima na ndevu zake, nimemshika shati mpaka Parklands kwa daktari. Daktari akamulika pua. Ule ukuta wa katikati una tundu. Musyoka hakucheka tena.

Siku hizi anavaa glavu na barakoa, na amefunga feni ya kutoa ule moshi wa tangi. Kuhusu mtaro bado tunagombana. Anasema kutibu yale maji ni gharama, mimi nasema sukuma hailalamiki lakini inakunywa.

Nilichojifunza: pipa iliyobeba dawa ya kiwanda si kibuyu, na rangi ikibadilika usifikiri imeisha. Wenye karakana humu, mnapeleka wapi maji yenu? Semeni, mimi siumi. Na mwenye vidonda kama vya Musyoka aende akaangaliwe.

Juzi Musyoka alirudi na lile pipa. Amelisugua na asidi, na sabuni, na sijui nini, ndani liko safi kama meno ya mtoto. "Mama, angalia sasa. Hata doa hakuna."

Nikaliangalia. Nikaangalia mikono yake.

"Hiyo pipa haiingii jikoni kwangu."