Iwashe Nione

Nakumbuka siku moja niliyomcheka mzee wa watu kwa sababu ya balbu. Tangu siku hiyo, mwanangu, sijawahi kununua kitu cha umeme bila kukiona kinawaka.

Naandika haya kwenye daftari langu la mambo ya nyumbani. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kila nikisoma nilichoandika jana najiuliza nani kanituma. Lakini juzi umenionyesha kwenye simu orodha ya vifaa unavyotaka kununua uunde kompyuta yako ya kuchezea gemu. Si ya kitajiri wala ya kubahatisha, ni ya pesa ya kati. Baba yako mdogo akasema mbele ya wageni kwamba mtoto wa kike hana kazi na kompyuta ya gemu. Mimi shangazi yako nikanyamaza. Nilipofika chumbani nikaona nimekosea kunyamaza, kwa hiyo nasema hapa: nunua. Tena chagua mwenyewe, kwa mikono yako. Ila kwanza nisikilize.

Miaka ile skrini zilikuwa bado na migongo kama televisheni. Tulikaa Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, kabla haijabomolewa likapanda ghorofa. Mtaa wa pili palikuwa na chumba cha gemu. Nikiingia pale, wavulana walininyang'anya kiti kwa maneno tu. Binamu yangu Hamisi ndiye aliyekuwa bingwa wa mpira wa kwenye kompyuta, na ndiye aliyeniambia, "Dada, wewe kakaange bagia. Goli utalijulia wapi?"

Bagia nilikaanga kweli, miaka miwili, na pesa ya bagia ndiyo niliyoiweka ninunue mashine yangu.

Baba aliuza viatu vya mtumba Mchikichini. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie marehemu. Aliogopa tu kuona binti yake anachekwa. Akanipa neno moja: "Ijumaa nikitoka msikitini nataka kuiona inafanya kazi hapa ukumbini. Isipofanya, Jumatatu unaenda kwa shangazi yako kujifunza cherehani, na habari ya kompyuta sitaki kuisikia tena." Shangazi huyo aliishi Buguruni na cherehani yake ilikuwa na kelele kuliko soko. Sina ugomvi na cherehani, imelisha watu wengi. Mimi sikuitaka, basi.

Jumatano nikatoka kwenda dukani. Mlangoni nikakutana na Bi Tatu, mpangaji wa chumba cha mwisho, mjane wa siku nyingi. "Unaenda duka la vitu vya umeme? Twende, balbu yangu imeungua." Mwanangu, naona haya kuandika, lakini daftari nililiapia ukweli: nilitembea hatua tano mbele yake ili watu wasijue tuko pamoja. Nilijiona mtaalamu. Nilikuwa nimekariri majina ya vifaa vyote. Mtaalamu gani anaongozana na bibi mwenye kanga iliyopauka na ndala za rangi mbili?

Duka lilikuwa na kila kitu, balbu na nyaya mbele, kompyuta nyuma. Muuzaji alikuwa kijana wa maneno mengi, wakimwita Side. Akampa Bi Tatu balbu.

"Iwashe nione," akasema Bi Tatu.

Side akaichomeka kwenye holda ya kaunta. Ikawaka.

"Izime. Iwashe tena."

"Bibi, si imewaka?"

"Ya kwanza huenda ni bahati. Iwashe tena."

Watu wakacheka. Side akageuka kwangu, akanikonyeza, "Bibi anataka na gari limkanyage kwanza ndio aamini." Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, ili wanaume wa pale waone niko upande wao.

Zamu yangu ikafika. Nilitaja vifaa kimoja kimoja kwa mbwembwe: prosesa, RAM, diski, ile bodi inayobeba vingine vyote, na kadi ya picha kubwa kuliko mfuko wangu. Kisha nikaona kasha la kuwekea vifaa hivyo. Lilikuwa na ubavu wa plastiki angavu na taa za buluu ndani. Nikalichukua. Nikabaki na pesa kiduchu, na nilikuwa sijanunua pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa vifaa vyote. Side akanishushia moja ya bei ndogo.

"Shika, pima kwa mkono. Sikia uzito huo. Hiyo ndani imejaa shaba."

Nikapima. Nzito kweli. Wazee walishasema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, lakini nani anakumbuka methali akiwa anasifiwa?

"Nikuwashie?" Side akaniuliza. Niwe mkweli hapa, maana kwa miaka mingi nilimsema vibaya: aliniuliza. Halafu akaongeza, "Ingawa wewe mtaalamu, si kama yule bibi."

Nikasema, "Funga tu."

Jioni ile, baada ya magharibi, niliunganisha kila kitu ukumbini. Hamisi na wenzake walisimama mlangoni. Niliwasha. Feni ikazunguka mara moja, taa za buluu zikamulika, pakanuka kama nywele zimeungua, kisha kimya. Nikachomoa, nikafungua pawasaplai kwa bisibisi. Waya chache, na pembeni kipande cha zege ukubwa wa sabuni ya kufulia, kimegandishwa kwa gundi ili kiongeze uzito.

Hamisi alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, umenunua kompyuta au umenunua msingi wa nyumba? Sasa mtafute fundi akupandishie tofali!"

Baba alipita akaenda zake chumbani bila neno. Afadhali angenitukana.

Aliyekuja kukaa nami ni Bi Tatu. Chumbani kwake ile balbu ilikuwa inawaka. Akakichukua kile kipande cha zege, akakigeuza mkononi.

"Ulinicheka dukani."

"Nisamehe, Bi Tatu."

"Kunicheka si kitu, nimechekwa na wakubwa kuliko wewe. Lakini nakuuliza: mimi kwa balbu ya chumba kimoja nilimsumbua yule kijana mara mbili. Wewe umebeba jasho la miaka miwili, ukaona haya kumwambia awashe. Haya ya nini? Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kesho tunaenda."

"Ameandika ukutani mali hairudi."

"Nani amesema tunarudisha?"

Alhamisi asubuhi Bi Tatu alitangulia yeye, mimi nikafuata nyuma. Alifika akaweka pawasaplai juu ya kaunta, akakalia boksi tupu katikati ya mlango wa duka.

Side akaonyesha ukutani. "Bibi, mali ikishatoka hairudi. Soma pale."

"Kusoma sijui, mwanangu. Sijaja kurudisha. Nimekuja uniwashie. Iwashe nione."

"Hii imeshaungua, haiwezi kuwaka."

"Basi iwashe nione isivyowaka."

Watu wakaanza kusimama. Mwenye duka, Bwana Nassoro, akatoka ndani. "Shikamoo, bibi. Kuna nini?"

"Marahaba, baba. Duka lako lina umeme?"

"Upo."

"Jana mmeniwashia balbu hapa hapa, mara mbili, Mungu awabariki. Leo naomba na hii."

Bwana mmoja aliyekuwa na boksi lake kwapani akasema, "Hata mimi, kabla sijalipa, yangu iwasheni." Mama mwingine nyuma yake: "Na pasi yangu." Ikawa duka zima wanadai kuwashiwa, na Bi Tatu pale mlangoni hainuki.

Bwana Nassoro aliifungua ile pawasaplai, akaona zege. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau, na ndiyo maana siruhusu mtu aseme wafanyabiashara wote wezi: alishusha nyingine tatu kutoka rafu yake mwenyewe, akazifungua mbele ya wateja wake. Mbili zilikuwa na zege. Jasho likamtoka. "Na mimi nimenunua bila kufungua," akasema. Akaziweka kando zote.

Akanigeukia. "Hii nakurudishia bei yake. Lakini pawasaplai nzuri niliyo nayo ina bei mara tatu. Una kitu cha kufidia?"

Nilikuwa nacho. Kasha la taa za buluu nilikuwa nimelibeba, kwa sababu nilikataa kuachana nalo hata kwa safari moja. Bi Tatu alinitazama, hakunisaidia. Niliwaza Ijumaa, niliwaza wavulana wa chumba cha gemu wakiziona zile taa. Niliwaza na cherehani ya Buguruni. Nikaliweka kasha juu ya kaunta.

"Chukua," nikasema. "Na hiyo nzuri iwashe nione. Mara mbili."

Side aliiwasha, hakukonyeza mtu.

Mchana nilipata kasha kuukuu kwa fundi mmoja, la rangi ya maziwa iliyogeuka njano, kifuniko cha ubavuni hakipo. Bodi na kadi, kwa rehema za Mungu, vilikuwa vimepona. Ijumaa baba alitoka msikitini na kanzu yake, akavuta kiti. Kompyuta ile mbaya ya sura iliwaka. Hamisi akaketi upande mmoja, mimi upande mwingine, tukacheza mechi nzima mbele ya baba na Bi Tatu na wapangaji wote.

Ningependa kuandika kwamba nilishinda. Hamisi alinifunga matatu kwa mawili. Lakini kompyuta haikuzima, haikukwama wala kunuka. Hamisi akainuka akijipukuta, akisema si aliniambia. Baba akamwambia, "Kaa chini wewe. Rudieni."

Cherehani haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Sasa nageukia orodha yako. Nusu ya pesa umeiweka kwenye kadi ya picha. Kasha lina taa za rangi saba. Pawasaplai umeiandika mstari wa mwisho kabisa, ya bei ya chini, kama mpishi aliyekumbuka chumvi akiwa ameshapakua. Anza nayo hiyo. Prosesa na kadi ziwe na nguvu zinazokaribiana, maana mkokoteni ukisukumwa na wawili, mmoja mzima na mmoja mgonjwa, utaenda kwa mwendo wa mgonjwa. Usinunue kadi ya kuendesha skrini kubwa ambayo huna. Kifaa kilichotumika usikidharau, baba yangu alitulea kwa viatu vilivyotumika. Lakini usitosheke na kuona feni inazunguka: mwambie muuzaji apakie gemu, wewe kaa kwenye stuli yake nusu saa, kipate joto. Mambo mengine yamebadilika tangu zama zangu na huenda nakosea, kaulize na mafundi wawili watatu. Kuuliza si ujinga.

Watakuambia mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo naiheshimu, lakini nimeona wengi wakiitumia kumfunga mdomo mnunuzi. Mkulima asiyechagua jembe analima kwa mpini. Watakuambia una maswali mengi kwa mtoto wa kike. Uliza la ziada. Watacheka. Mwanangu, wacha wacheke, kicheko hakijaunguza bodi ya mtu. Kilichoniunguzia mimi ni haya yangu mwenyewe, na waliosema mficha uchi hazai walinijua kabla sijazaliwa. Pesa ikiwa mkononi mwako, kaunta yote ni yako. Simama pale, sema maneno mawili aliyonifundisha mjane asiyejua kusoma, na usiondoke mpaka yatimizwe.

Na baba yako mdogo nitamwambia mwenyewe kesho, mbele ya wageni wale wale.

Mungu akupe jicho la kuona ndani ya boksi na mdomo usioona haya dukani. Akukutanishe na wauzaji wa aina ya Nassoro. Siku ukikaa kwenye kiti chako mwenyewe, ambacho hakuna wa kukunyang'anya, umeme usikatike katikati ya mechi, na ukifungwa, apatikane mtu ukumbini wa kusema rudieni.