Mstari wa Josepha

Josepha alikuwa mfupi, basi. Ukimpita pale uchochoroni Kariakoo akikaanga vitumbua, ungedhani amekaa kumbe amesimama. Lakini siku zile za sukari ya mgawo, yeye ndiye aliyejua nyumba zote kumi zina watu wangapi, nani kajifungua na nani anadanganya. Balozi mzee wa nyumba hizo kumi hakujua kusoma, na kwa miaka sita kazi yake aliifanya Josepha. Mzee alipohamia Magomeni, Josepha akautaka ubalozi wenyewe. Aliutaka kweli, wala hakuona haya kusema.

Mpinzani wake alikuwa Kitwana, pande la mtu, sauti nzito, suti ya Kaunda imenyooshwa. Alikuwa na miezi minne tu mtaani, na majirani zake hakuwajua hata kwa majina.

Jumapili katibu wa tawi akaja kusimamia uchaguzi. Alimkuta Josepha amesimama mbele, akamwuliza, "Mama, unamshikia nani nafasi?" Watu wakacheka. Kicheko kile kilimchoma, maana walicheka hata wale waliokunywa chai kwa sukari aliyowapigania.

Wagombea waliambiwa waelekee ukutani wasigeuke, na kila mpiga kura ajipange nyuma ya amtakaye. Josepha akabaki kusikiliza miguu. Kandambili za jirani yake Tatu alizijua kwa mlio. Mume wa Tatu alipofariki, Josepha ndiye aliyezunguka mji mzima juani kutafuta sanda. Kandambili zile zikampita, zikaenda kwa Kitwana.

Thelathini na moja kwa tisa. Majirani walikuja kumweleza kwa upole, na upole huo ndio uliomkera zaidi: eti huko wilayani anatakiwa mtu wa kuonekana. Kuonekana! Kana kwamba sukari inagawiwa kwa futi na inchi.

Kitwana naye akamfuata akitabasamu. "Dada Josepha, nipe majina ya watu na nyumba zao. Mimi nitasimama mbele, wewe utakuwa unaandika."

"Majina wanayo waliokuchagua," Josepha alisema. "Waulize mmoja mmoja."

Akaingia ndani akatia komeo. Hakumtukana mtu, wala hakupaza sauti. Nje akamsikia Tatu akiwaambia wenzake kwamba afadhali hawakumchagua, watu wafupi ndivyo walivyo, wana hasira.