Bonde la Chini ya Masoro

Setilaiti nazo! Zinapita huko juu bila tone la tope miguuni, halafu zinatuambia ardhi yetu ni nini. Bonde lile la chini ya kilima cha Masoro zililipiga picha wakati wa kiangazi, wasuka majamvi walipokuwa wamekwisha kukata mafunjo yao, na kwenye ramani ya makazi ya viumbe likaandikwa "shamba lililoachwa". Shamba lililoachwa huruhusiwa kujengwa maghala. Kinamasi hakiguswi.

Athanasie, mmoja wa wachora ramani hiyo, aliikataa picha tangu alipoiona. Alilelewa Burundi na mama msuka majamvi, na alijua kwamba mafunjo yaliyokatwa hayajafa. Roho ilimuuma kufikiri kwamba viota vya ndege wote wa bondeni vingefukiwa chini ya saruji kwa sababu ya neno moja. Akamng'ang'ania mkuu wake, Connie, binti wa Kinyarwanda aliyekulia Uganda, mpaka akakubali kuvaa mabuti na kushuka naye.

"Hii iko mafunjo, Madamu. Imekatwa tu, itaota," alisema Athanasie, akionyesha visiki.

"Dada yangu, mimi naona majani na maji. Hata shamba ya mpunga iko na maji. Kesho ramani inafungwa, nitawaambia nini wakubwa?"

Athanasie akakumbuka mchezo wa utotoni, uliokuwa ukimtia mama yake wazimu.

"Madamu, simama hapo hapo. Usisogee."

Akaenda hatua kadhaa, akakunja sketi, akaruka kwa nguvu zake zote. Ardhi aliyoikanyaga Connie ikainuka, ikashuka, ikayumba kama godoro.

"Yesu wangu!" Connie akapanua mikono asianguke.

"Ulishaona shamba yenye inacheza hivi? Tuko juu ya mizizi, Madamu. Chini ni maji tupu!"

Connie alitazama miguu yake. Akaruka naye, mara moja kwa woga, mara ya pili akicheka. Akatoa mfukoni tableti yake ya kuchorea ramani, akafuta "shamba lililoachwa", na papo hapo akaandika "kinamasi cha mafunjo".

Athanasie hakujizuia. Alipiga vigelegele vilivyofika ng'ambo ya bonde, na wasuka majamvi waliokuwa huko wakamwitikia bila kujua wanashangilia nini. Akawakimbilia kuwaambia, na walipoelewa, wakapiga vingine, virefu kuliko vyake.