Kamba ya Nyumba ya Asha

Majuzi, sokoni Garsen, mchuuzi alinyunyizia maji mikeka yake, na harufu ya miyaa mibichi ikanirudisha kwenye harusi ya dada yangu Asha, siku niliyokaribia kumkabidhi bwana harusi nusu nyumba.

Kwetu Waorma, nyumba ya bibi harusi hujengwa na wanawake. Huchomeka fito kwa duara, huzipinda zikutane juu, kisha huzizungushia mikeka. Mikeka ya Asha ilikuwa tayari, hivyo duara lilipaswa kulingana nayo. Mama alipima kwa kukunjakunja kamba. Mimi, msichana wa darasa la saba niliyejifunza wiki hiyo kutafuta nusukipenyo kutokana na mzingo, niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Nikaitandaza mikeka, nikatambaa juu yake na rula ya shule: mita kumi na moja. Nikagawanya kwa pai, nikapata tatu na nusu. Nikakata kamba ya urefu huo, nikaifunga kwenye kigingi na kuchora duara.

“Hii ni nyumba au zizi?” akauliza Shangazi Hawo.

“Ni hesabu, Shangazi.”

“Basi hesabu yenu ina ng'ombe wengi!”

Mama alilitazama duara, kisha akanitazama mimi. “Mwacheni amalize.”

Fito zikapungua; Mama akachukua panga, akaenda mtoni kukata nyingine. Kabla ya kuzipinda tukajaribu mikeka. Ikakomea nusu: huku nyumba, kule malisho. Ndama akaingia bila hodi, akasimama mahali pa kitanda. Wakwe walitarajiwa alasiri, na Asha, mikono imejaa hina mbichi, alilia asiweze kujifuta machozi.

“Umenijengea uwanja wa mpira, wewe!”

Mama akaifungua kamba yangu, akaikunja katikati, akachora duara jipya. “Hesabu yako ni nzuri,” alisema. “Ilibaki kukunjwa tu.”

Nyumba ilikamilika vumbi la wakwe likiwa tayari linaonekana.

Kosa langu nililijua siku ileile: nilipata kipenyo, nikasahau kukigawanya kwa mbili. Lililonichukua miaka kulielewa, hadi nikawa na binti wa kunisahihisha, ni lile panga. Mama alikwisha kujenga nyumba nyingi mno asilione kosa kwa jicho tu. Hata hivyo, siku aliyokuwa na haraka kuliko zote, alikwenda mtoni kwa miguu yake kukata fito za duara alilojua litang'olewa.