Neno Nililolikwangua kwa Wembe

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi ya ardhi Kilosa na cheti cha kidato cha nne, ndani ya suruali iliyoshonwa na Mzee Kibwana, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Magomeni, hapohapo Kilosa. Mpima Mkuu hakukitazama cheti. Alinipa kalamu.

"Andika Munisagara."

Nikaliandika jina hilo la kijiji, herufi zikakaa kama zimepigwa chapa.

"Wewe huendi uwandani. Utakuwa mchora ramani."

Nilishukuru kimoyomoyo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Ulaya yenyewe, kijiji cha wilaya hiihii, nimefika mara mbili, na mara zote nilikikumbuka kitanda changu. Wapima waliondoka na minyororo yao ya kupimia ardhi, wakarudi na vumbi na vipimo. Mimi nikavigeuza kuwa mistari kwenye karatasi ya kufuatishia, ile inayopitisha mwanga kama ukungu. Treni ikipiga honi kwa mbali, sikujua kama nauchora mji au nauota. Wakubwa wakinikuta nimefumba macho, nilisema napima kwa makadirio.

Mpima Mkuu alinifundisha jambo moja. "Wino haufutwi kwa raba. Unaukwangua kwa wembe, polepole, kisha unasugua kwa ukucha mpaka palainike. Usiposugua, wino mpya utavimba."

Mwandiko wangu uliniponza. Kamati ya msikiti wetu ilisikia sifa zake, ikanifanya katibu. Ndugu zetu wa Mikumi walipotaka msikiti wao uingie kwenye mchoro wa mji, majirani, wengi wao Wakristo, walileta pingamizi: hawa si wenzetu, eneo ni finyu, wataleta mgogoro. Kamati iliwaka. Niliandika majibu ya kurasa mbili juu ya uhuru wa kuabudu, matamu mpaka nikajionea wivu mwenyewe. Tukashinda.

Haukupita mwaka, Mzee Kibwana na wenzake wakaleta ombi la msikiti wao mdogo pale Magomeni. Mzee Kibwana ni Mwislamu wa Ahmadiyya. Wao wanaamini Masihi aliyeahidiwa alikwishakuja, naye ndiye mwanzilishi wa jumuiya yao. Wengi wetu tunaona hapo wametoka nje ya dini. Kwenye kamati waliitwa Makadiani, na haikuwa kwa mapenzi.

"Katibu," alisema mwenyekiti, "andika pingamizi. Na kwenye mchoro usiweke msikiti. Weka ukumbi."

"Lakini wanaswali mle, mwenyekiti."

"Hata mimi naswali shambani. Shamba limekuwa msikiti?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaandika pingamizi, na kwenye mchoro nikaweka UKUMBI. Nilijua maana yake: hati ikitoka inasema ukumbi, siku yoyote mtu angeweza kuwazuia kuswali, kwamba wanatumia jengo kinyume cha kibali.

Asubuhi nilipita kwa Mzee Kibwana. "Asalaam alaykum," akasema. Kamati ilikuwa imekataza kuwaitikia salamu hiyo, na kumnyamazia mtu wa umri wa baba yangu nisingeweza. Nikapata ujanja: "Shikamoo, mzee!" Akatabasamu, "Marahaba," akaendelea kukanyaga cherehani. Ujanja huo niliutumia miaka.

Afisa Ardhi wakati huo alikuwa mama mmoja Mwanglikana wa milimani. Aliniita, ametandaza barua mbili mezani.

"Soma hii."

"Hawa si wenzetu, eneo ni finyu, wataleta mgogoro."

"Ya wapi?"

"Mikumi, mama."

"Na hii?"

Maneno yalikuwa yaleyale, kwa mpangilio uleule. Niliyakariri nilipokuwa nayajibu, yakanitoka bila kubisha hodi. Koma tu ndizo zilikaa vizuri zaidi.

"Kamati ya Magomeni."

"Mwandiko wa nani?"

Nikakohoa.

"Mwombaji anasema jengo ni la nini?"

"Msikiti."

"Wapima wamekuta nini?"

"Watu wanaswali."

"Mnyororo unapima mita, bwana. Imani ya mtu utaipima na nini? Lete wembe."

Nilikwangua UKUMBI mbele yake. Nisiwadanganye, vijana, sikuwa shujaa, nilimwogopa mama. Kwa haraka nikasahau kusugua. Nilipoandika MSIKITI wino ukavimba, herufi zikawa nene kuliko za msikiti wetu, nene hata kuliko za stesheni. Kamati ikanivua ukatibu.

Sasa nimestaafu. Ramani zinachorwa kwa kompyuta, wembe umebaki wa ndevu. Nashinda barazani nusu nimelala, mji unapita mbele yangu mwepesi kama karatasi ile, na katikati yake neno moja limevimba.

Juzi Mzee Kibwana alipita na mkongojo wake, akitoka kuswali. Nikamkaribisha kiti, nikamwambia yote: pingamizi, ukumbi.

"Nilijua," alisema. "Ofisini walituonyesha barua. Mwandiko mzuri vile, Kilosa hii ungekuwa wa nani?"

"Mbona uliendelea kunishonea suruali?"

"Ulitaka utembee uchi? Hayo ya ukumbi yaliisha. Ila salamu zangu hujaziitikia mpaka leo. Shikamoo nilikuwa nazo nyingi."

Akanyanyuka taratibu, akashika mkongojo.

"Asalaam alaykum."

Shikamoo ilinifika kwenye ulimi kwa mazoea. Nikaimeza.

"Waalaykum salaam, Mzee Kibwana," nikasema, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya njia, ambako mwenyekiti alikuwa anaota jua.