Rundo la Mbao Zangu

Habari za kifo chake nimezipata sokoni Mlola, kwa dereva wa lori aliyezitaja huku akifunga turubai: yule nyapara wetu wa zamani wa kiwanda cha masanduku amezikwa juzi. Juzi! Nami nilikuwa hapa hapa, sina habari. Nimerudi nyumbani nikakaa peke yangu, na viazi nilivyonunua sijavimenya mpaka sasa.

Wasomaji wangu hamkumjua, nasi tuliofanya kazi chini yake hatukumpenda. Tulitengeneza masanduku ya mboga za kuteremshwa Mombo kupanda treni: mmoja akikata mbao, wa pili akipiga randa, wa tatu akigongomea misumari, wa nne akitia vifuniko. Yeye alipita akitazama ni wapi mbao zinalundikana, kisha akahamisha watu. Alitenganisha marafiki, akatenganisha hata ndugu, na saa ya chakula alikula ugali wake peke yake juu ya gogo. Mimi nilikuwa fundi wa randa, na jamani, nilikuwa mwepesi! Rundo langu lilimfika kifuani mgonga misumari, mzee mwenye vidole viwili vilivyopooza. Bwana mwenye kiwanda akaliona, akaamuru mzee afukuzwe. "Mzee hana kosa, Bwana," nyapara akajibu. "Nipe siku moja." Kesho yake akanijia mimi: "Rundo likifika kiunoni, weka randa chini, ukamshikie mzee mbao." Mimi, fundi, nishike mbao! Nikamwambia ananishusha. "Sikushushi, mwanangu," akasema. "Ila mbao zako bado hazijawa sanduku."

Nikazishika shingo upande. Jioni ile lori lilijaa, na mzee akabaki na kazi yake. Mimi nikabaki na hasira. Tangu siku hiyo sikumwamkia tena, na kwetu milimani kijana kumnyima mtu mzima shikamoo ni kumzika angali hai. Kila asubuhi alisimama mbele ya meza yangu, akasubiri kidogo, kisha akaenda zake. Alisubiri hivyo mpaka nilipoacha kazi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, twasema kila siku, na bado kila kidole hujiona mkono. Mwepesi asijisifu kwa rundo lake. Atazame mikono ya anayempokea. Hilo nimelijua nikiwa sina wa kumwambia. Kesho nitakwenda kaburini kwake. Nitasema shikamoo, nitasubiri kidogo, kisha nitakwenda zangu.