Sauti ya Kapteni wa Wenye Taa

Mtaani walimwita Dirisha, na jina hilo alilipata benki, ingawa hakuwahi kuajiriwa benki hata siku moja. Ni sauti yake tu iliyokuwa kazini huko. Kengele ya foleni ikilia, yeye ndiye aliyesema kutoka darini, kwa upole usiochoka, "Tiketi namba mia mbili na nne, dirisha namba tatu." Watu walikaa kwenye viti vya chuma wakimsikiliza tangu asubuhi, na walipomkuta sokoni hawakumsamehe.

"Wewe Dirisha! Jana umeita watu wote mpaka walionikuta, mimi umeniruka. Leo ndiyo unataka nikuchagulie nyanya?"

"Dada yangu, mimi naita tu. Kamgombeze aliyekaa dirishani."

"Nitakuwekea mbovu moja, ujue na mimi nina foleni yangu."

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kwa zaidi ya ishirini alikuwa ameishi kwa pumzi yake: lifti za hospitali, simu zinazokuambia usikate, tangazo la dawa ya meno. Sauti hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata utotoni, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji alikofanya kazi baba yake. Akitoka shule alipitia huko, akakaa juu ya bunda la karatasi na kumsomea maandishi kwa sauti, huku baba akifuata kwa penseli kutafuta makosa. Akisoma haraka, baba aligonga meza. Akila neno, aligonga mara mbili. "Soma kama anayekusikiliza amefumba macho," alimwambia.

Sasa baba huyo alikuwa na miaka themanini na mitatu, na kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kama rangi ya shati linalofuliwa kila siku. Hakujua tena mwaka. Jina la mkewe, marehemu, lilikuwa limeshapotea. Uso wa binti yake ulikuja na kwenda. Kilichobaki ni sauti ya binti huyo. Kwa sauti hiyo alikula, alioga, alimeza dawa zake za moyo. Akiamka hajui yuko wapi, ilitosha binti yake kusema neno moja kutoka jikoni, na mikono ya mzee iliacha kutafutatafuta kwenye shuka.

Kazi ya kumsemea Kapteni ilimjia Dirisha mwanzoni mwa mwaka. Vijana wanane, waliopanga chumba juu ya duka la magodoro, walikuwa wanatengeneza mchezo wa kompyuta, ile michezo mirefu ambayo mchezaji anakuwa mtu mwingine, anapewa jina na panga, anachagua atakuwa upande wa nani. Magodoro ya dukani ndiyo waliyosimamisha ukutani ili kuzuia mwangwi, kwa hiyo alirekodi akiwa amezungukwa na harufu ya sponji mpya.

Mwandishi wa mchezo, kijana mwembamba aliyekula kucha zake mpaka kwenye nyama, alimweleza. Kuna mji wenye ukuta. Kuna ukungu unaoshuka kutoka milimani. Ukungu ukimkuta mtu hafi. Anarudi nyumbani anacheka na kuongea, na kesho yake kila aliyemgusa amekwisha. Wanaoulinda mji ni kundi linaloitwa Wenye Taa, chini ya Kapteni wao. Wanakesha ukutani. Wanachimba visima, wanalea yatima, wanazika wasio na ndugu. Na ukungu ukifika shambani wanafunga lango, aliye nje abaki nje.

Mara ya kwanza Dirisha alisoma maneno ya Kapteni kwa ukali. Mwandishi akavua visikizio masikioni.

"Hapana, mama. Huyo ni askari jela. Kapteni anawapenda."

"Anawapenda, halafu anawafungia nje?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi niambie, mwanangu. Ni mtu mzuri au mbaya?"

"Ningejua nisingeandika mchezo."

Walirudia mara kumi na moja. Alijaribu kwa huzuni, ikawa kilio cha msibani. Alijaribu bila hisia, ikawa benki. Mwishowe, akiwa amechoka, akakumbuka vidonge vya jioni, vile vichungu ambavyo mzee alivikataa kwa meno. Akakumbuka namna anavyokaa ukingoni mwa kitanda, anashusha sauti mpaka chini kabisa, hasihi wala haamrishi, anasema tu kama mtu aliyeshalia jambo hilo siku nyingi zilizopita: Najua, baba. Najua. Fungua mdomo. Akaichukua sauti hiyo kama ilivyo, akampa Kapteni.

"Fungeni. Najua ni wenu. Najua majina yao. Fungeni lango."

Mwandishi aliinua kidole gumba, macho yamemlegea. Dirisha alirudi nyumbani akiwa na furaha ya fundi aliyepata kipimo chake.

Mchezo ulipotoka, aliyeufurahia kuliko wote nyumbani alikuwa mtoto wa kaka yake, binti wa mwaka wa tatu chuoni aliyeishi nao na kumwangalia babu yake mchana shangazi akiwa kazini. Aliunganisha spika sebuleni ili, alivyosema, amsikie shangazi yake vizuri. Wenzake wawili walikuja na mikoba yao ya vitabu isiyofunguliwa.

"Hao Wenye Taa wako ni wauaji tu," alisema mmoja.

"Wauaji waliokulisha tangu mwanzo wa mchezo? Ulipokuwa huna hata viatu, nani alikupa?" alimjibu mwenzake.

"Kwa hiyo nikipewa viatu ninyamaze?"

"Basi nenda kwa Wachimbaji, wanaopitisha watu chini ya ukuta kwa huruma. Huruma yao ndiyo inaingiza ukungu mjini. Umeona mtaa wa wafinyanzi ulivyokwisha?"

"Nimeona. Bora kufa una roho."

"Sema hivyo ukiwa wewe ndiye unayekufa, si watoto wa wafinyanzi."

Nje ya lango, katika sura ya tano, kulikuwa na mzee mwenye mkokoteni na wajukuu wake wawili. Mpwa wa Dirisha aliwapenda. Alikuwa amesafiri nao tangu mwanzo, na alikataa kuamini kwamba hakuna njia ya kuwaingiza. Akirudi mapema, gurudumu lilivunjika. Akitengeneza gurudumu, mjukuu mdogo aliugua njiani. Akimwomba Kapteni, Kapteni alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno yake. Siku moja alifanikiwa kuchelewesha lango, wakaingia wote watatu, na kesho yake mji mzima ulikuwa kimya, mkokoteni umesimama katikati ya soko.

"Shangazi, kuna njia. Lazima wameficha."

"Tafuta," alimjibu akicheka, anavua viatu.

Basi alitafuta, mchana baada ya mchana, kwa wiki tatu. Na katika chumba cha pili, mlango ukiwa wazi ili wamwone, mzee alilala amefumba macho na kusikiliza.

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Dirisha, ambaye siku hiyo hakuwa na kazi, alimletea supu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, fungua mdomo."

Mzee alimtazama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Umewaacha nje," alisema.

"Nani, baba?"

"Watu. Nimekusikia. Kila siku nakusikia ukiwafungia."

Kwanza alicheka, maana hakuelewa. Kisha akaelewa, na supu ya kijiko ikamwagika kwenye shuka. Akaeleza: ni mchezo, baba, ni kazi, ni kama ile ya benki. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoshusha sauti, kwa mazoea, ili amtulize, na kadiri alivyoishusha ndivyo mzee alivyotetemeka. Alijaribu kusema kwa sauti nyembamba ya juu. Mzee akaziba masikio: "Anajigeuza."

Mpwa wake alizima spika siku hiyo hiyo, akalia, akaufuta mchezo kwenye kompyuta. Haikusaidia. Kapteni alikuwa ameshahamia kwingine.

Kaka yake alipiga simu kutoka mji aliokuwa akifanya kazi. "Hebu mpe mzee simu."

Mzee alishika simu kwa mikono miwili. "Mwanangu, nimekaa ndani na yule mwanamke. Njoo unitoe."

Dirisha aliichukua simu, akaiweka sikioni.

"Dada, unamfanya nini mzee?"

"Simfanyi kitu. Ananiogopa."

"Mtu haogopi bure."

Siku ya pili mzee hakula. Mpwa alipojaribu kumlisha, alikubali vijiko viwili, kisha akauliza chakula kimepikwa na nani, akafumba mdomo. Muuguzi wa zahanati alikuja, akampima, akakunja mpira wa kipimo chake polepole.

"Mapigo yanakwenda ovyo. Asipomeza dawa na kula mpaka Jumatatu, alazwe. Watampitishia chakula kwa mpira puani. Kwa umri huu, dada, sijui kama ataachana na mpira huo."

Ijumaa Dirisha alipanda ngazi za duka la magodoro. Hakujua anakwenda kuomba nini. Mwandishi alimvutia kiti, akasikiliza huku anatafuna kidole.

"Mama, nisamehe. Mchezo umeshakwenda kwa watu. Hata nikibadilisha sauti kesho, yeye ameshaisikia."

"Nilitaka kuuliza kitu kingine. Kuna namna yoyote ambayo Kapteni anafungua?"

"Ukiwafungulia wanakufa wote."

"Hilo nalijua. Namna ya wao kuingia na mji ubaki."

"Tulibishana miezi minne. Wenzangu wawili waliacha kusemeshana." Alitazama mikono yake. "Hatukuipata. Tukaona tuache hivyo hivyo, kuliko kudanganya."

Alishuka ngazi. Chini mwenye duka alimpigia kelele, "Dirisha! Nijaribie godoro hili, useme neno moja tu kwenye tangazo langu!" Akapunga mkono, akapita.

Kutwa nzima alijiuliza kama Kapteni alikosea, na kila mara alifika palepale. Aliwaza mtaa wa wafinyanzi. Aliwaza mzee wa mkokoteni anavyoondoa kofia mbele ya lango, akidhani atafunguliwa kwa adabu. Kuna ubaya ambao mtu anaweza kuutubia, akasema nilifanya na sitarudia. Lakini yeye hakufanya ubaya. Alifanya kazi yake vizuri, kwa sauti aliyofundishwa na baba yake, akaweka ndani yake upendo wa kweli kwa sababu kazi ilihitaji hivyo. Angeisoma ovyo, mzee angelala zake.

Muuguzi ndiye aliyempa wazo, akiwa mlangoni Jumamosi, anavaa viatu. "Kwangu amemeza kidonge bila taabu. Uso wako haumsumbui, nimemwona. Ni ukiongea. Sasa nyamaza, basi."

"Ninyamaze nyumbani kwangu?"

"Jaribu tu, dada."

Jumapili asubuhi alifunga kitambaa kichwani namna asiyoizoea, akavaa aproni ya mpwa wake, akaingia na sahani bila kubisha hodi. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda, akainua kijiko, akangoja. Koo lake lilikuwa limejaa maneno, yote yale, najua, baba, najua, akayameza moja moja.

Mzee alifungua mdomo.

Alikula nusu ya sahani. Alimeza vidonge vyote viwili. Kisha, kwa adabu ya mtu aliyelelewa vizuri, akamfuta supu iliyomdondokea mkononi.

"Wewe ni mgeni hapa," alisema. "Huongei?"

Akatikisa kichwa.

"Afadhali. Wanaoongea nawaogopa." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Yule mwanamke umemwona?"

Akatikisa kichwa tena.

"Ukimwona usimwambie nimekula."

Jumatatu ilikuja ikapita, na hakulazwa. Kaka alipiga simu kushukuru, akasema unaona sasa, ukimtunza vizuri anakula. Mpwa alimkumbatia shangazi yake shingoni kutoka nyuma. Kazi ziliendelea kumtafuta. Alitoka asubuhi akasema na mikrofoni, "Tafadhali sogea mbele," "Mlango unafungwa," akarudi, na alipogusa kitasa cha mlango wa nyumba alifunga mdomo kama mtu anayevua kiatu.

Wiki ya tatu, mchana, mzee alisukuma kijiko pembeni. Hakuwa na hasira. Alikuwa analia, machozi machache ya mtu mzima, yanayoshuka bila sauti.

"Binti yangu amebaki nje," alisema. "Nilikuwa namsikia jikoni kila siku. Sasa simsikii. Yule mwanamke amefunga, na binti yangu alikuwa bado hajaingia."

Alimshika mkono. Alimshika kwa nguvu ambayo Dirisha hakujua kama mzee bado anayo.

"Wewe unatoka na kuingia. Una ufunguo. Mfungulie, mama. Mtoto wangu hana kosa."

Midomo yake ilifunguka. Neno lilifika kabisa mpaka kwenye meno, baba, herufi nne, na aliona macho ya mzee yakitazama mdomo wake, na aliona yale macho yakianza kubadilika, yakianza kurudi nyuma kuelekea ukutani. Akafumba.

Aliinuka, akapita sebuleni mpaka mlango wa mbele, akaufungua wote na kuuegemeza kwa kiti. Jua liliingia mpaka katikati ya chumba. Nje watu walikuwa wanapita, mtu anasukuma baiskeli, watoto wanagombania chupa tupu. Alisimama kizingitini kidogo, upande wa nje, ili aonekane, kisha akaingia.

Mzee alimwangalia anavyokuja, akatazama nyuma yake, mlangoni.

"Bado?"

Akatikisa kichwa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akachukua kijiko. Mzee alikula polepole, shingo ameinyoosha, macho yakipita juu ya bega lake kwenda kwenye ule mwanga, akitafuna na kungoja.